Orodha Iliyohama Chini ya Kidole

Zenia Hnatiuk aliichukia programu mpya kabla haijawashwa, na ilipowashwa ikampa sababu.

Alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la nafaka la Sorrel, mji mdogo wa nyanda za Saskatchewan, ambako vihenge kumi na vinne vya chuma huonekana kutoka mbali kabla ya nyumba hata moja. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa amekaa kwenye kile kibanda cha vioo pembeni mwa mizani. Lori likipanda, anasoma uzito, anaandika zao, anachagua kihenge, anampungia dereva mkono ashuke kumimina. Kihenge kilichochaguliwa kwenye kompyuta ndicho ambacho lango lake hufunguka. Sekunde arobaini, lori linalofuata. Wakulima walikuwa wanajua kwamba ukifika kwa Zenia na soga, utaondoka nayo mdomoni.

Programu ya zamani ilikuwa na skrini nyeusi na maandishi ya kijani. Iliandikwa na mwalimu wa hesabu wa pale mjini, marehemu Petro Babiak, na kabla ya kuandika mstari wa kwanza mwalimu huyo alikaa wiki tatu za mavuno kando ya Zenia akitazama mikono yake tu. Herufi tatu za zao, namba ya kihenge, Enter. Zenia aliifanya kazi hiyo huku anatazama nje na kubangua mbegu za alizeti kwa meno.

Mtu asidhani kompyuta zilimshinda. Nyumbani alikuwa nazo tatu, mbili amezifunga mwenyewe kwa bisibisi. Tangu mumewe Taras afariki, kila baada ya chakula cha jioni alikuwa akiingia kwenye jukwaa moja la mtandaoni la watu wanaobishana juu ya programu: zipi nzuri, zipi takataka, nani kaharibu nini. Kule alijiita Mizani. Wote walimdhania mwanamume, naye hakuwasahihisha. Alikuwa na maneno makali na wengi walimsoma kwa sababu hiyo hiyo. Alichukia vitufe vyenye picha bila neno. Alichukia masasisho yanayohamisha vitu mahali pake, akasema ni kama mgeni anayekupangia upya vyombo vyako jikoni wakati umelala, kisha anangoja shukrani. Alichukia kurasa zinazoomba ruhusa kabla hujasoma hata kichwa cha habari. Na aliwachukia wanaouliza maswali mepesi. Mgeni mmoja aliyejiita Chipukizi aliwahi kuuliza atafanyaje kurudisha picha alizozifuta, picha za harusi ya dada yake. Mizani alimjibu, "Ulipewa macho mawili. Soma maelekezo ndipo uje kusumbua watu." Watu mia nne waliipigia makofi jibu hilo.

Mwezi wa sita makao makuu yakaleta programu mpya. Meneja wa ghala, Wendell Froese, mtu mpole mwenye sauti ya kuomba radhi hata anapokukatalia, aliingia kibandani na keki.

"Zenia, ni ya kisasa hii. Hata mtoto anaweza kuitumia."

"Basi mlete huyo mtoto mwezi wa nane, foleni ikifika barabara kuu."

"Ipe nafasi kidogo."

"Nafasi imeshajichukulia. Tazama skrini yote nyeupe hii, maneno sita. Haya mengine wameyaficha wapi?"

Yalikuwa yamefichwa nyuma ya vistari vitatu. Kila asubuhi baada ya lori la kwanza, skrini ilimwaga vikaratasi vya rangi na kuandika "Hongera, Zenia, umeanza siku vizuri", na kwa sekunde nne nzima huwezi kufanya lolote mpaka sherehe iishe. Halafu kile kisanduku: "Je, una uhakika?" Kiliibuka kwa kila hatua, mara tatu kwa kila lori.

"Nikiulizwa mara mia tatu kwa siku kama nina uhakika," alimwambia Wendell, "unadhani nasoma? Nabonyeza tu. Mbwa anayebwekea kila jani, siku ya mwizi nani ataamka?"

Wendell alisema ataandika barua pepe. Aliandika. Ikajibiwa kwamba maoni yake yamepokelewa kwa furaha.

Baya kuliko yote lilikuwa orodha ya mazao. Zamani kila kitu kilikaa pake. Sasa ukiigusa, orodha ilifunguka kwa mpangilio mmoja, halafu ndani ya nusu sekunde ikajipanga upya, zao lililopimwa zaidi siku hiyo likiruka juu. Mtu mwepesi wa mikono alikuwa akibonyeza mahali ambapo zao lake lilikuwapo. Asiye mwepesi alisalimika. Zenia alikuwa mwepesi kuliko wote katika wilaya ile.

Siku ya mwisho ya Agosti, saa tano asubuhi, lori la Lyle Makowsky lilipanda mizani na matrela mawili ya kanola, zile mbegu nyeusi za kukamulia mafuta, tani arobaini na kidogo. Nyuma yake malori kumi na tatu yakinguruma. Zenia aligusa orodha, akapeleka kidole kwenye "Kanola, kihenge cha 3", akabonyeza. Asubuhi nzima walikuwa wamepokea dengu. Orodha ikaruka, kidole kikatua kwenye "Dengu nyekundu, kihenge cha 9". Una uhakika? Ndiyo. Una uhakika? Ndiyo. Una uhakika? Ndiyo. Makowsky akateremka, akafungua trela, akamimina.

Baada ya robo saa redio ya mkononi ikakoroma. Alikuwa Rudy, anayefanya kazi chini kwenye mikanda inayobeba nafaka.

"Shangazi, dengu zako zimeota pilipili manga."

"Unasemaje?"

"Kihenge cha tisa. Punje nyeusi tupu huku juu. Nakuja kukuonyesha au utashuka?"

Zenia alishuka. Alichota kiganja cha dengu nyekundu, na punje nyeusi za kanola zikamtoka kati ya vidole kama mchanga. Kihenge kilikuwa na tani mia tisa za dengu safi, zilizokuwa zikingojewa na treni siku ya Jumatatu. Alipanda tena ngazi, akaendelea kupima malori mpaka jioni, na kila lori alilipima mara mbili.

Wendell alikuja na fomu.

"Nimeambiwa nijaze leo leo," alisema. "Kuna sehemu ya sababu. Mfumo wenyewe unakupa chaguo tatu."

"Zipi?"

"Hitilafu ya umeme. Hali ya hewa. Kosa la mtumiaji."

"Ya nne iko wapi?"

"Ipi?"

"Kosa la mtengenezaji."

"Zenia, haipo. Nichague nini sasa?"

"Chagua hali ya hewa."

Hakucheka, na Wendell naye hakucheka. Alichagua ya tatu, akamgeuzia karatasi atie sahihi. Zenia hakutia. Karatasi ikaingia kwenye faili lake hivyo hivyo, faili ambalo tangu mwaka alioanza kazi halikuwa na karatasi ya lawama hata moja.

Kesho yake wakati wa mapumziko ya mchana aliegemeza simu yake kwenye kikombe cha kahawa, ikitazama skrini, akairekodi orodha ikifunguka mara kumi. Mara saba iliruka. Kidole chake kilionekana kabisa kikienda pahali sahihi, na pahali sahihi pakikimbia. Mwishoni akafungua ukurasa unaoeleza programu ilitengenezwa na nani, akaurekodi pia. Ulikuwa na jina moja tu: Muundo wa skrini, Anneke Dyck.

Jioni, kabla hajaipandisha video hiyo jukwaani, aliitazama tena. Jina lile aliliona. Kulikata kungechukua sekunde tano, naye kazi ya kukata video aliijua. Hakulikata. Juu yake akaandika: "Huyu ndiye aliyechora uchafu huu. Sijui kama amewahi kuona punje ya nafaka nje ya mkate."

Asubuhi ilikuwa imetazamwa na watu elfu arobaini. Kufika Ijumaa, laki tatu. Ilivuka jukwaa ikaenda kwenye mitandao mingine, watu wakaiwekea muziki, wakaiwekea vichekesho, mmoja akatengeneza mchezo ambao ndani yake unakimbiza neno "Dengu" kwa mshale na huwezi kulikamata. Kisiki, mtu mwenye sauti kubwa kuliko wote pale jukwaani, aliandika, "Mizani hajawahi kukosea. Leo katuletea na jina." Zenia aliisoma sentensi hiyo mara mbili akiwa anakula holubtsi za juzi, wali uliofungwa kwa majani ya kabichi, kabichi imekauka kingo, na zikamwia tamu. Miezi mitatu alikuwa ameongea na ukuta. Sasa ukuta ulikuwa unapigwa mawe.

Kisha mawe yakaanza kumtafuta mtu. Mmoja alileta picha ya Anneke Dyck ya kazini. Mwingine akaleta ya harusini. Wa tatu akaleta namba ya simu. Zenia aliiona namba hiyo wakati wa kifungua kinywa, akawaza, hili limezidi. Akasogeza ukurasa chini. Hakuandika neno.

Katikati ya Septemba, siku ya Jumanne, gari dogo la kijivu lilipanga foleni katikati ya malori, likasonga nayo hatua kwa hatua mpaka likapanda mizani. Zenia aliona uzito wake ukijiandika, tani moja na robo, akafungua dirisha kwa hasira.

"Wewe, hapa si njia. Geuza."

Mwanamke aliyeshuka alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, koti la mjini, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Aliliacha gari pale pale juu ya mizani, akapanda ngazi, akaingia.

"Wewe ndiye Mizani," alisema.

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyechora uchafu."

Nje, Makowsky, aliyekuwa nyuma ya lile gari dogo, akapiga honi. Zenia hakugeuka.

"Umenijuaje?"

"Ulirekodi skrini, kioo cha skrini kikarekodi dirisha. Unaonekana mlango wa lori, umeandikwa Makowsky, Sorrel. Nilidhani nitakuta mwanamume."

"Wote hudhani hivyo. Umekuja kufanya nini?"

"Sijui. Nimeendesha saa tatu nikipanga maneno, yote yamenitoka. Mama, mimi nilitaka tu—"

"Mimi si mama yako. Na ukiwa umekuja kulia, sina kitambaa. Nimeandikiwa kosa kwenye faili, miaka thelathini na minne, kwa mkono wako wewe. Umeona ile foleni?"

"Nimekaa ndani yake."

"Basi toa gari lako hapo juu, urudi, ukae kwenye hiki kiti. Programu ni yako. Pima."

Zenia alisema hivyo kumfukuza. Hakutegemea kwamba yule mwanamke angeshuka, ausogeze ule mkebe wake wa gari, apande tena na kuvua koti. Anneke Dyck alikaa. Zenia akasimama nyuma yake, mikono kifuani.

Makowsky akapanda mizani. Anneke alitafuta uzito, akaupata. Akatafuta jina la mkulima, akakosea herufi, akarudia. Kisanduku kikamuuliza kama ana uhakika. Akakisoma mpaka mwisho. Dakika moja ikapita, ya pili ikaanza. Redio ikakoroma, alikuwa Makowsky.

"Zenia, umekufa humo ndani?"

"Bado. Nina mgeni."

"Mwambie mgeni wako shayiri yangu itaota mizizi humu."

"Mwambie mwenyewe, anakusikia."

"Dada," Makowsky alisema redioni, kwa sauti ya mtu aliyeamka saa kumi alfajiri, "sijui wewe ni nani, lakini hata ng'ombe wangu angekuwa ameshapima."

Masikio ya Anneke yalikuwa mekundu. Alimaliza, dakika tatu na nusu. Lori la pili likapanda. Sasa alikuwa anaharakisha, kwa sababu honi zilikuwa nne. Aligusa orodha, akabonyeza. Ikaruka. Kisanduku kikaibuka. Anneke hakukisoma. Kidole chake kilikuwa kinashuka kwenye "Ndiyo" Zenia alipomkamata kifundo cha mkono.

"Soma."

Anneke alisoma. Kihenge cha dengu. Dereva aliyekuwa nje alileta ngano.

"Mara mia tatu kwa siku," Zenia alisema, bado amemshika. "Wewe imekuchukua lori la pili."

Alimwondoa kitini, akakaa, akaisafisha foleni yote. Anneke alisimama kwenye kona karibu na birika la kahawa saa nzima bila kuambiwa akae wala aondoke. Foleni ilipopungua ndipo akaongea, akitazama mgongo wa Zenia.

"Niliomba kuja kwenye ghala. Mara mbili. Wakasema haina haja. Walinipa video ya mizani moja mahali fulani Ontario, asubuhi, malori mawili. Orodha yangu ilikuwa imetulia, kila zao pake. Mkubwa mmoja akasema programu ya siku hizi lazima ijifunze mtumiaji. Nikabisha, wakaniambia mimi si mtu wa timu."

"Na jina lako ukaliacha."

"Ndiyo. Nililiandika mwenyewe. Nilikuwa najivunia."

"Basi nimelionyesha watu."

Anneke alitoa simu mfukoni, akaiwasha. Ilitetemeka muda mrefu, ujumbe juu ya ujumbe.

"Hii nimeizima siku kumi na moja," alisema. "Waliponikosa mimi wakampata mama yangu. Ana miaka sabini na tisa, yuko peke yake. Jumbe anazoachiwa hunitumia mimi. Sikiliza mmoja tu. Ukisikiliza mmoja, nitaondoka."

Aliubonyeza. Sauti ya mwanamume, tulivu, ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya kununua dukani. Ilimweleza mama mtu mzima rangi ya mlango wake, na chungu cha maua kilicho upande wa kushoto wa mlango, na saa anayotoka kwenda kanisani. Ikamwambia amezaa uchafu. Mwishoni ikasema, pole pole, kwamba siku moja mtu atakuja kumwonyesha binti yake punje ya nafaka nje ya mkate.

Zenia alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka mezani.

Hakuomba radhi. Hilo ni neno ambalo Taras, katika miaka ishirini na saba ya ndoa, alilisikia kwake mara mbili, na mara moja alikuwa anaongea na paka. Alisema tu, "Nitawaandikia."

"Hawatakusikiliza."

"Mimi hunisikiliza."

Anneke alivaa koti lake. "Haya," alisema, akashuka ngazi. Hakuaga.

Jioni ile Zenia aliandika jukwaani: "Nilikosea kuliacha jina. Programu ni mbovu, mtu aachwe. Futeni namba, futeni picha, na aliyempigia mama yake ni mwoga." Aliona ni maneno machache na yaliyo wazi. Alikwenda kuosha sahani, aliporudi alikuta majibu mia mbili.

Kisiki alikuwa wa kwanza. "Mizani kanunuliwa. Tangu lini ana huruma?" Wengine wakasema akaunti yake imeibiwa, Mizani wa kweli hawezi kuandika hivi. Yeye akawajibu mmoja mmoja kwa ukali wake wote, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili ukali huo haukumpatia mtu wa upande wake. Kufika kesho yake mchana, mwingine naye alikuwa ameitazama vizuri taswira ya dirisha kwenye kioo cha skrini. Jina la Makowsky likawapa Sorrel, Sorrel ikawapa ghala, na kwenye ukurasa wa ghala kulikuwa na picha ya sherehe ya Krismasi, Zenia katikati na sweta la kulungu.

"Kumbe bibi," aliandika Kisiki.

Basi. Kila alichowahi kusema juu ya programu yoyote kikageuka kicheko. Wakamwomba mapishi ya biskuti. Wakamuuliza kama kipanya kinamtisha. Chipukizi, yule wa picha za harusi, alirudi baada ya miaka sita ya kimya na kuandika mstari mmoja tu: "Ulipewa macho mawili, bibi. Soma." Zenia alikaa na mstari ule muda mrefu kuliko yote mengine.

Simu ya kibandani ikaanza kulia. Wakati wa kanola, malori kumi nje. Mara ya tano aliinua.

"Ghala la Sorrel."

"Wewe ndiye yule bibi msaliti?"

"Ndiye. Wewe unapiga kutoka wapi?"

"Haikuhusu."

"Huko kuna kazi?"

"Nini?"

"Nakuuliza kama una kazi, kwa sababu ni saa nne asubuhi siku ya Alhamisi. Hapa tunahitaji mtu wa kufagia mashimo ya kanola. Lete koleo."

Yule alikata. Zenia aliirudisha simu mahali pake, akapima lori lililofuata. Siku mbili baadaye mtu alimpigia Wendell kudai afukuzwe kazi. Wendell, kwa sauti yake ile ile ya kuomba radhi, alimwambia aende akajitie kwenye kihenge cha tisa. Zenia alisikia kupitia mlango. Hakumshukuru, lakini keki iliyofuata aliila.

Wasimamizi wa jukwaa aliwaandikia mara saba wafute namba na picha. Mara sita walimjibu kwamba maoni yake yamepokelewa. Ya saba ilijibiwa na mtu aliyekuwa na mama. Ilipofutwa, Zenia akaifunga akaunti yake, miaka ishirini na miwili ya maneno, na kisanduku kikamuuliza kama ana uhakika. Alikisoma, akabonyeza.

Dengu zilichekechwa kwa siku nane na treni ikapakiwa ikiwa imechelewa. Watengenezaji wa programu waliirekebisha orodha mwezi wa kumi na moja, mavuno yakiwa yamekwisha, katika sasisho lililotangaza "maboresho madogo". Vikaratasi vya Hongera havikuguswa. Wendell aliongeza karatasi ya pili kwenye faili, inayosema kwamba mfumo ulichangia. Ile ya kwanza haikutolewa, kwa kuwa hakuna aliyejua kitufe cha kuitoa kiko wapi.

Anneke Dyck aliacha kazi ile majira ya baridi. Mwezi wa pili, theluji ikiwa imefikia dirisha la kibanda, barua pepe yake ilimfikia Zenia. Haikuwa na salamu. Alisema amehamia kampuni ya watu wanne huko Saskatoon, wanaandika programu ya mizani kwa ajili ya maghala ya ushirika. Mama yake amebadilisha namba na bado hapokei simu asiyoijua. Kiungo kilikuwa chini. "Ijaribu. Najua utaichukia."

Zenia aliijaribu siku mbili. Alipima malori ya kubuni mia moja na kumi na nane. Aliichukia kiasi. Alijibu kwa kurasa nne, makosa thelathini na moja yenye namba, bila neno moja la heri, na la kumi na saba liliita rangi fulani "ya tapishi la mtoto". Jina la mtu hakulitaja popote.

Jibu lilikuja kesho yake asubuhi.

"La nne ni upuuzi mtupu, hujafikiri. La kumi na saba ni kweli. Mengine nayafanya."

Zenia alisoma, akanguruma, akavuta kiti. Nje hapakuwa na lori hata moja. Akaanza kuandika kwa nini la nne si upuuzi.